Hakuna Marahaba Leo

Shikamoo yako nimeisikia, mwanangu, sijaziba masikio. Kaa hapo kwanza, karibu na kabati, na hiyo simu ifunike. Habari zako na mama yako zimenifikia, tutazifikia. Kabla ya hapo nakumbuka siku moja nilipokuwa mtoto, bado nasoma chuo cha Kurani, na nisipokusimulia utatoka hapa na ujinga ule ule ulioingia nao.

Tulikuwa tukikaa Kibokoni, hapa hapa Mombasa, kwa bibi yangu, mamake baba. Bibi akilala orofani, na ngazi za nyumba ile zilikuwa za mbao, zimesimama wima kama zina ugomvi na mtu. Magoti yake yalikuwa yameanza kumuuma. Basi baba na ndugu zake wakangoja atoke kwenda maulidini kwa jirani, wakakishusha kitanda chake chumba cha chini, wakakitandika vizuri, na udi wakafukiza. Wema mtupu! Bibi akarudi, akachungulia. Akatoka akakaa barazani.

Nikarudi mimi kutoka chuoni. "Shikamoo, bibi." Kimya. Nikadhani hakunisikia, nikapaza sauti. Kimya. Akaja baba, "Shikamoo, mama." Kimya! Nyinyi wa siku hizi mnaotupiana "mambo" mkiwa mnapita hamwezi kujua uzito wake. Mtaani kwetu shikamoo ikikosa marahaba, watu huanza kuulizana nani kafanya nini. Wapita njia wakapunguza mwendo. Muuza kahawa akasimama kabisa, wala hauzi. Kufika magharibi baba yangu, mwanamume na ndevu zake, alikuwa amepiga magoti chini.

"Mama, tumekosa nini?"

"Kitanda huhamishwa bila kuulizwa, kwa sababu ni kitanda," bibi akasema. "Mimi ni kitanda?"

Kitanda kikarudishwa juu saa ile ile. Na huko huko juu bibi akalala mpaka Mungu alipomchukua, akipanda na kushuka huku anaugua, na hakuna aliyethubutu kulitaja tena jambo lile. Siku ile mimi nilicheka, nikamwona mkaidi. Akanifinya sikio. "Cheka, mwanangu. Hujafa hujaumbika."

Haya, nimeishi, na mengi nimeyaona. Sasa sikiliza yaliyonikuta juzi juzi tu.

Mjukuu wangu Nuru, binti wa mwanangu Salim, ana kikundi cha maigizo na wenzake. Wakatunga mchezo wa kuchekesha, jina lake *Uji Hatunywi*. Ni habari ya wazee waliowekwa katika nyumba ya wazee, wakaasi. Wanaficha funguo za msimamizi, wanatoroka kwenda kula viazi karai, wanamwaga uji usio na sukari. Niliposikia "nyumba ya wazee" nikasema, astaghfirullah, nani mtaani kwetu kampeleka mamake huko? Nuru akacheka. "Ni mchezo tu, bibi. Tena tunakutaka na wewe ucheze."

Nikakubali, ole wangu. Mazoezi yalikuwa Ganjoni, katika ukumbi wa shule. Mzee wa kweli mwingine alikuwa Mzee Charo, Mgiriama aliyestaafu upishi wa hoteli, na kila akipewa bakuli la uji wa mchezo anaunywa kweli, kabla msimamizi hajaingia. Waliobaki ni vijana waliojibandika pamba kidevuni. Wallahi walinichosha! "Bibi, tetemeka kidogo." Nitetemeke kwa nini? Uzi natia sindanoni bila miwani. "Bibi, jifanye umesahau jina lako." Jina langu Rukia, na majina ya majirani wote nayajua tangu wewe hujazaliwa. "Mzee Charo, kohoa." Maskini akakohoa mpaka akapaliwa na uji, na wao wakampigia makofi, wakidhani ni ufundi.

Nyumbani nako, Kibokoni, orofani pale pale alipolala bibi, kulikuwa na mchezo mwingine, na huo hauchekeshi. Salim alikuwa amehamia fleti yenye lifti huko huko Ganjoni, akaamua na mimi nihamie. Kaamua na nani? Na mkewe, mbele yangu, mimi nimekaa pale pale nachagua mchele.

"Mama tutampa chumba cha nyuma, karibu na choo. Atastarehe."

"Na lile kabati lake?"

"Kubwa mno lile. Tutamwachia mpangaji."

Nikakohoa. Salim akaniinamia, akapiga ukelele kama anamwita mtu ng'ambo ya Likoni: "Mama! Wataka maji?" Maji ya nini? Nilitaka kuulizwa. Ikawa ndiyo hali kila akija. Ataniamkia vizuri, atanibusu mkono, kisha atakaa apange maisha yangu na mtu mwingine.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumapili alasiri, ukumbi umejaa. Salim na mkewe walikuwa safu ya mbele. Tulianza vizuri, watu wakacheka. Mzee Charo alificha funguo ndani ya kofia zikamwangukia puani, na hilo halikuwa katika mafunzo. Kisha akaingia Nuru, ndiye msimamizi, na sinia lake la uji.

"Shikamooni, wazee wangu! Msijali, tumeshawapangia kila kitu."

Hapo tulifundishwa tuitikie marahaba kwa sauti za kutetemeka, halafu uji tuumwage. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mazoezini nikayazoea. Lakini siku hiyo nilitupa jicho safu ya mbele nikamwona Salim anacheka, anacheka mpaka anafuta machozi, hajijui kuwa anachekwa yeye. Nikamkumbuka bibi yangu. Nikafunga mdomo.

"Itikia, Bi Rukia," Mzee Charo akaninong'oneza.

"Nyamaza na wewe," nikamwambia. Akanyamaza. Vijana wa pamba wakatutazama, wakanyamaza nao.

Nuru akarudia: "Shikamooni." Kimya. Watu wakacheka. Akarudia tena, maskini, jasho linamtoka, na kicheko kikaanza kupungua, maana wale walikuwa watu wa Mombasa, na shikamoo ilikuwa imesimama katikati ya ukumbi haina pa kukaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama mmoja wa nyuma akashindwa kuvumilia: "Jamani, huyo bibi kakosewa nini?"

Nikasimama. "Kabati huhamishwa bila kuulizwa, kwa sababu ni kabati," nikasema. "Mimi ni kabati?"

Nuru alidhani nimesahau maneno. Babake alielewa. Kicheko kikamkauka, akainuka kitini, akaja mpaka chini ya jukwaa, mtu mzima na mvi zake, ukumbi wote unamtazama, na mkewe kajifunika uso kwa mtandio.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Nilitaka kuitikia, nisikufiche, maana mwana ni wangu na aibu yake ni yangu. Lakini sikuitikia.

"Mama," akasema polepole, "wataka nini?"

Alhamdulillahi! Kwa muda wote ule, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Najua alingoja nimwambie kuwa Kibokoni sitoki ila kwa jeneza. Mzee Charo alikuwa kasimama kando yangu na upawa, tayari kufa na mimi. Na nilikuwa na hasira ya kutosha kusema hivyo, mwanangu, ulimi ulikuwa umeshaanza. Ila bibi yangu aliulizwa akiwa keshakasirika, akajibu kwa hasira, na magoti yake ndiyo yaliyolipa.

"Nataka kwenda Ganjoni," nikasema. "Ngazi zile zimenimaliza, na lifti naipenda. Lakini nataka chumba cha mbele, nione watu wakipita. Na kabati langu nakwenda nalo."

"Ni hayo tu, mama?"

"Ni hayo tu. Ungeuliza, ungeyajua zamani. Marahaba."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mzee Charo akakaa, akamalizia uji wake.

Ndiyo maana umenikuta dirishani hapa, na kabati umeliona. Sasa tuje kwako. Nimesikia mmeshampangia mama yako ahamie kwa dada yako Malindi, mpaka na siku ya safari. Penye wazee haliharibiki neno, mnapenda sana kusema. Sasa neno lenyewe mbona hamkumwambia? Nenda ukakae naye chini, umuulize. Kuuliza si ujinga. Akikujibu kwa hasira, muulize tena kesho, kwa upole, maana jibu la hasira huwa si lake. Kisha akishasema, lifuate alilosema, hata kama wewe ulikuwa na lako zuri zaidi.

Mungu akuzeeshe, mwanangu, akuachie meno ya kutafunia na watu wa kukuuliza unataka nini. Akulinde njiani, uende na urudi salama. Shikamoo yako ninayo hapa, sikuisahau. Ukishamuuliza mama yako, rudi uchukue marahaba yako.