Makofi ya Salamu Mjini Sumbawanga

Rafiki yangu aliyehama Sumbawanga tukiwa vijana alirudi juzi kutembea. Nikamzungusha mtaa wa Mazwi kumwonyesha maduka mapya, yaliyojaa redio na mitumba tangu biashara iachiwe huria. Hakusifu kitu. Ila kila tulipokutana na mzee alichuchumaa, akapiga makofi taratibu, kama Wafipa tulivyofunzwa kusalimia. Wazee wakampa mkono, wakapita.

Nikachukia. "Inuka bwana, unanitia aibu. Siku hizi shikamoo inatosha."

Sokoni, bibi mmoja muuza ulezi aliweka kopo lake chini, akachuchumaa naye, akamjibu kwa makofi.

"Ulikuwa wapi siku zote, mwanangu?"

Rafiki yangu akapiga makofi tena. Mimi sijawahi kuhama mji huu, lakini nilisimama pale nikitamani bibi yule aniulize na mimi.