Bati za Mlabani

Mama aliuza shamba la mpunga la Katindiuka ili aezeke nyumba ya Mlabani, mjini. Matofali alikuwa ameshayachoma mwenyewe, kwa pumba alizosomba kutoka mashine ya kukoboa mpunga, na kuta zilikaa miaka zikisubiri bati. Alikuwa amechoka kuhamia shamba kila msimu, yeye akilala na mbu dunguni, kwenye kibanda cha juu cha kulindia ndege, sisi wanawe tukibaki mjini kwenye chumba cha kupanga. Alitaka tuwe watu wa mjini kamili.

Bati zikapanda juu ya kuta. Tulifurahi, sitasema uongo.

Kisha tukaanza kula cha kununua. Mama hakuwahi kununua mchele maishani mwake. Kwetu, anayenunua mchele ni mgeni au mtu wa ofisini. Sasa alikwenda dukani jioni, akaficha kilo yake ndani ya kanga asionekane na majirani. Haikupita muda tukapangisha vyumba viwili tupate pesa ya mchele, tukabanana kwenye kimoja. Nyumba yetu wakaifaidi wengine. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, mama hakutulia. Akisikia ndege alfajiri, anakurupuka kitandani, kisha anakumbuka na kukaa tena. Nilikuwa nikijifanya nimelala.

Siku moja akapotea kutwa nzima. Alirudi jioni na matope hadi magotini, sauti imemkauka, kashika kimfuko cha mchele.

"Shikamoo mama. Ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Katindiuka. Nimepata kazi."

Mmiliki mpya wa shamba letu alitafuta watu wa kuamia ndege, naye mama alikwenda kuomba kibarua. Akapewa dungu lile lile alilolijenga kwa mikono yake, akashinda humo akipiga kelele na kutikisa kamba za makopo. Ujira wake ulikuwa ule mchele.

"Msimamizi wao kijana, hanijui," alisema, akivua viatu. "Kaniuliza kama nimewahi kukaa kwenye mpunga."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia kidogo kidogo."

Akacheka. Alikuwa na furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Niliupika ule mchele. Ulinukia chumba kizima, kama zamani. Mama alikula akamaliza, akaniomba nimwamshe mapema asije akachelewa kazini. Wali wangu sikuugusa. Niliufunika, nikatoka kwenda uani, nikalia chini ya ukingo wa bati zetu.