Godoro Mlangoni kwa Mhadhiri

Binti wa kaka yangu ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo, na wenzangu wa sokoni walishambandika jina la Profesa. Katikati ya muhula nikamwona anakuja kwenye kibanda changu cha viatu vya mitumba, godoro kichwani, macho chini.

"Profesa, chuo kimehama?" akauliza muuza mikoba wa jirani. Watu wakacheka.

Nikamvuta nyuma ya pazia. "Umefanya nini?"

"Hata sijui, shangazi. Mhadhiri kaandika kwenye kazi yangu: njoo ofisini tuzungumze. Nikaona bora niondoke mwenyewe kuliko kutolewa mbele za watu."

Sikumcheka. Kwetu ukiitwa ofisini umekwisha. Baba yake aliitwa kule kiwandani asubuhi, mchana yuko nyumbani na ovaroli yake kwenye mfuko wa plastiki.

Lakini mimi ni mtu wa biashara. "Mteja hajataja bei, wewe umeshafunga duka? Beba godoro lako, twende."

Njiani nikapanga maneno yangu. Nitaanza kwa kuomba msamaha. Wakikaza, nitashuka mpaka wampe onyo tu, wasimfukuze.

Nje ya ofisi ya mhadhiri palikuwa na benchi, wanafunzi wamekaa wanataniana. Nikamwinamia mmoja. "Na wewe kosa lako nini?"

"Kosa? Nimekuja kuuliza swali, mama. Tunakuja hapa kila mara, anatuelekeza tulipokwama." Akalitazama godoro. "Kwani nyinyi mnahamia?"

Benchi zima likaangua kicheko. Binti akatua godoro, akasimama mbele yake kana kwamba lingefichika. Jasho lilimtiririka shingoni. Nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ule msamaha wangu ulikuwa bado mdomoni. Nikajua atakimbia, na akikimbia sasa hivi, chuo basi tena.

Mlango ukafunguka, aliyekuwa ndani akatoka. Binti akaligeukia benchi.

"Wa mwisho nani hapa?" akauliza.

"Mimi," akajibu yule mtani.

"Basi nakufuata wewe." Akakaa, godoro miguuni, bila kumtazama mtu. Kisha akaninong'oneza, "Shangazi, wewe nenda. Na sokoni usiseme."

Nikarudi. Muuza mikoba hakuchelewa: "Profesa wetu yuko wapi?"

"Alikuja kubadilisha godoro," nikamjibu, nikashika brashi na kuanza kusugua viatu nilivyokwisha kuvisugua asubuhi.