Kanada ya Buswelu

Mzee Yeremia Machibya hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomponza. Mwongo mzoefu anajua wapi pa kuishia. Yeye alianza uzeeni, akawa kama mtu anayeendesha gari kwa mara ya kwanza kwenye mteremko wa Bugando, anashika usukani tu na kumwomba Mungu.

Mimi ni Wilhelmina, nimeimba naye kwaya moja ya kanisa pale Mabatini, Mwanza, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinieleza mwenyewe baadaye, huku akiangalia vidole vya miguu yake.

Alistaafu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alikokuwa mtu wa mizani. Mkewe, Kija, alishafariki. Mtoto wao mmoja tu, Alexander, alikwenda Kanada kusoma, akaoa hukohuko, akapata watoto wawili, na binti wa kwanza akampa jina la bibi yake. Mzee hakuwahi kumshika huyo Kija mdogo. Alimwona kwenye simu za watu: sikio, kisha dari, kisha mguu unaokimbia, halafu picha inaganda. Yeye mwenyewe na simu za kugusa hawakupatana kabisa. Vidole vyake vilibonyeza kila kitu isipokuwa kinachotakiwa.

Ndipo Alexander alipomtumia kile kidude. Ni kidogo, cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Waya mmoja unaingia kwenye rauta ya intaneti, mwingine kwenye umeme, mwingine kwenye simu ya mezani, ileile ya zamani yenye mkonga na waya wa kujikunja, ambayo Mzee alikuwa ameitunza kabatini ikiwa imefunikwa kitambaa. Ukiinua mkonga unasikia mlio kama enzi zile, na unapiga Kanada kama unavyopiga Kirumba. Ila namba yake ni ya Kanada. Ukimpigia mtu wa hapahapa Mwanza, simu yake inaonyesha anapigiwa kutoka Kanada. Siku ya kwanza Mzee alitupigia wanakwaya wote, mmoja baada ya mwingine, ili tuone, nasi tukacheka mpaka tukachoka.

Kidude kilifungwa Buswelu, pembezoni mwa mji, kwenye nyumba anayoijenga Alexander polepole, kwa sababu pale kulikuwa na intaneti ya kamera za ulinzi. Watoto walio nje ya nchi wanapenda sana kuangalia mifuko yao ya saruji ikiwa imelala. Aliyeipeleka ile simu Buswelu, ameipakata kwenye bajaji pamoja na stuli yake, alikuwa rafiki wa Mzee, Ojuok. Huyu ni Mjaluo wa Shirati, muuza samaki pale Mwaloni, na ndiye besi wetu. Fundi alipomaliza kuunganisha aliwaambia, "Wazee wangu, kitu kimoja tu. Umeme ukikatika, na hii inakata. Haina betri." Wakaitikia wote wawili, kama watu wanavyoitikia maelezo ya fundi.

Mwaka huu Alexander akamwombea baba yake viza. Ikaja taarifa kwamba Mzee aende Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Mtu mwingine angejua kwamba hapo safari ndiyo kwanza inaombwa. Lakini Mzee Yeremia alikaa kwenye mizani ya pamba maisha yake yote, na pale mkulima hawekewi wino wa dole gumba mpaka pamba yake imeshapimwa, imeshakubaliwa. Kwake yeye, kidole ndiyo mwisho wa mambo. Jumapili ile akasimama kanisani.

"Wapendwa, nimeitwa. Wanataka vidole vyangu."

Tukapiga vigelegele. Nani angeuliza swali? Hata mchungaji alipiga makofi.

Sasa kwetu mtu haondoki hivihivi, anaagwa. Tulipika wali na kuku, tukaomba, tukamsimamisha mbele na kumvalisha koti la baridi. Ojuok ndiye aliyekwenda kulitafuta soko la Mlango Mmoja, akazunguka kwenye mitumba kutwa nzima mpaka akapata la kijivu, zito, lenye manyoya kwenye kofia. Mzee akalivaa kwenye joto lile, jasho linamchuruzika hadi kidevuni, na sisi tunaimba. Mtu akishaagwa namna ile harudi mikono mitupu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini muulize yeyote wa kanda hii.

Dar alitoa vidole, akakaa Temeke kwa mpwa wake akingojea tiketi. Likaja jibu kwamba amekataliwa. Eti hawakuridhika kwamba akienda atarudi kwao. Aliniambia kwamba hapo alihisi uso unawaka, akamgeuzia mpwa wake mgongo. Yeye, ambaye kaburi la mkewe liko hapa, waliona hatarudi kwao.

Alirudi kwa basi. Alishuka stendi ya Nyegezi amevuta kofia hadi kwenye nyusi, akachukua bajaji, akapita Mabatini bila kugeuza shingo, kwenda kujificha Buswelu. Anasema nia yake ilikuwa kukaa kidogo tu, atafute maneno ya kutuambia. Lakini pale sebuleni, kati ya ndoo za rangi, ile simu ilikuwa juu ya stuli inamwangalia. Akampigia Ojuok ili walau mmoja ajue ukweli.

Ojuok aliona namba ya Kanada. Hata salamu hakuingoja, wala kile kidude hakukikumbuka. "Yeremia amefika!" akapiga kelele katikati ya soko, na wachuuzi wa dagaa wakashangilia wasichokijua. "Omera, ndugu yangu! Baridi je?"

Mzee alikuwa amefungua kinywa kusema. Akasikia ile furaha, makofi yale, akaona aibu kuuvunja moyo wa mtu mbele ya watu.

"Ipo," akasema.

Neno moja hilo ndilo lililomfunga. Kesho yake Ojuok alituwekea spika mazoezini, na Mzee akatuombea kutoka Kanada. Tukamuuliza habari za wajukuu. Akasema wamekua. Sauti yake ilikuwa ya chini, tukadhani ni umbali.

Alexander alimwona baba yake kwenye kamera, amekaa juu ya ndoo ya rangi, ameshika tama. Akampigia. "Baba, nenda nyumbani. Kunyimwa viza siyo dhambi, tutaomba tena."

"Wewe hukuvalishwa koti," Mzee akamjibu.

Basi akaishi hivyo, akitoka jioni kununua nyanya na mkaa kwenye duka ambalo hawamjui, akirudi na kujifungia. Nami nasema wazi, nikifikiria mzee yule anavyonyata kwenye mji aliozaliwa, mimi ndiye ninayeona haya. Sisi ndio tuliomshangilia mpaka akakosa pa kurudia.

Kilichomsaliti ni umeme. Tulikuwa mazoezini, Mzee anatusahihishia sauti ya pili kwa simu, taa zikazimika, na Kanada ikakatika hapohapo. Tukaulalamikia umeme, kisha tukaulalamikia mtandao wa Kanada, kila mmoja kwa zamu yake. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Mimi sikuona kitu. Lakini Ojuok alikaa na simu yake mkononi, anaiangalia, na siku hiyo hakuimba tena. Yeye ndiye aliyeibeba ile simu. Maneno ya fundi yalikuwa yamemrudia.

Hakutuambia. Alichofanya ni kumuuliza mwenyewe walipozungumza tena: "Omera, huko Kanada umeme unakatika?"

"Kanada?" Mzee akajibu, tena kwa majivuno. "Huku haujui hata kukatika."

Ojuok akamwambia kwamba sendofu ya binti yake, Amondi, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, imekaribia, na baba wa pili wa Amondi ni yeye Yeremia. Ndiye aliyembeba siku ya ubatizo, ndiye wa kutoa neno la wazazi. "Wewe njoo tu. Njoo na nguo ulizo nazo. Mimi sitaki zawadi ya ulaya."

"Tiketi ni ghali, ndugu yangu."

"Njoo tu, omera."

"Nitasema kwa simu," Mzee akasema, akakata. Anasema aliiweka mikono usoni akakaa hivyo mpaka chungu cha maharage kikaungua. Alielewa kwamba ameshajulikana? Nilimuuliza hilo. Alisema alielewa, na kwamba ndiyo sababu hakwenda. Angekwenda kwa asiyejua. Kwa anayejua, miguu ilikataa.

Sendofu ilifanyika alasiri, ukumbi mmoja wa Kirumba, vitambaa vya zambarau, feni zinazunguka. Zamu ya neno la wazazi ilipofika, mshereheshaji wetu Obedi, ambaye hana kiasi, akaegemeza kipaza sauti kwenye simu ya Ojuok na kunguruma: "Moja kwa moja! Kutoka! Kanadaaa!" Ukumbi ukasimama.

Huko Buswelu, Mzee alikuwa amevaa suti na lile koti juu yake. Hakuna aliyemwona, lakini hakuweza kumpa mtoto neno akiwa na kaptula.

"Mwanangu Amondi," akaanza, na sauti yake ikajaa ukumbi mzima. "Mimi baba yako, ambaye niko mbali na wewe siku ya leo..."

Feni zikasimama. Muziki, taa, friji za soda, vyote kimya. Na Kanada kimya.

Jenereta likawashwa, feni zikaanza tena. Obedi akatikisa simu. "Halo, Kanada?" Hakuna kitu. Ndipo mtu mmoja wa meza za nyuma, simjui na sitaki kumjua, akasema kwa sauti, "Kumbe na Kanada wapo kwenye mgao wetu!"

Kicheko kilianza kule nyuma kikaja mbele meza kwa meza. Niliona kinavyofika kwa wanakwaya, niliona kila mmoja anavyokumbuka zile siku za mazoezi, na nyuso zinavyobadilika. Kwetu hakuna aliyecheka. Mwenzetu Gladness aliangalia sahani yake. Mchungaji alijifanya anatafuta miwani. Mimi nilitamani meza inimeze, na siyo mimi niliyedanganya.

Ojuok akachukua kipaza sauti. "Ni theluji," akasema. Anajua kuuza samaki, hajui kudanganya, masikio yalikuwa yanamcheza. "Huko theluji inaangusha nyaya. Neno la Mzee limefika. Tuendelee."

Keki ikakatwa, Amondi akawalisha wazazi wake. Kipande kimoja akakifunga kwenye karatasi ya fedha na kumpa baba yake, bila sisi wengine kuambiwa ni cha nani.

Kesho yake mchana Ojuok alipanda bajaji hadi Buswelu, sahani mapajani. Akasimama mlangoni. "Hodi."

Mzee alikuwa nyuma ya pazia. Alimwona vizuri, shati lake la Jumapili, goti lake bovu. Anasema hajawahi kuona aibu ya aina ile. Alijua kicheko kilikuwepo. Asingeweza kukisikia, lakini alipokaa na mkonga ule uliokufa mkononi alijua ukumbi mzima unacheka. Hakuitikia hodi.

Ojuok hakuita tena. Alikaa juu ya tofali, akaweka sahani pajani, akavaa miwani, akatoa simu na kubonyeza taratibu.

Ndani, simu ya mezani ikalia.

Ililia kwa nguvu, kengele ya zamani, kwenye nyumba isiyo na samani, na madirisha yote wazi. Mwanza nzima inaulaani umeme kwa kukatika. Siku hiyo peke yake kulikuwa na mtu mmoja anauomba ukatike, nao ukagoma. Ikalia, ikalia. Mzee akavuka sebule, akainua mkonga.

"Halo."

"Halo, omera. Ojuok hapa, napiga kutoka Mwanza." Sauti ilimfikia mara mbili, sikioni na dirishani. "Baridi je?"

Mzee akafungua kinywa. Lile koti lilikuwa linaning'inia kwenye msumari mbele yake. Lile neno lake moja halikutoka.

"Amondi amekuwekea keki yako ya mzazi," Ojuok akaendelea. "Kasema nisimwachie mtu, nikukabidhi mkononi. Nimekaa hapa nangoja, na sisimizi wameshaniona."

Waya wa mkonga ni mfupi, haufiki mlangoni. Mzee aliulaza mkonga juu ya stuli bila kukata simu, akaenda akavuta komeo.

Ojuok alisimama, simu bado iko sikioni. Hakumwangalia usoni. Alimpa sahani, kisha akauliza lile ambalo kila mtu humuuliza aliyetoka kwa mwanawe.

"Wajukuu hawajambo?"

Mzee aliishika sahani kwa mikono miwili.

"Sijawaona," akasema. "Ojuok, sijamwona hata mmoja."

Hapo ndipo Ojuok alipokata simu.