Beberu wa Poka Niliyembeba Kabla ya Wakati

Jamani, mpaka leo nikipita soko la Kabati kuna watu wazima, watu na heshima zao, wananiita "Mee!" kutoka ng'ambo ya barabara, na mimi naitika, nitafanya nini, aibu yenyewe nilijitafutia mchana kweupe, tena nikiwa na shati jeupe la kuazima.

Ilikuwa mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya manjano. Mifugo ilikuwa imekwisha, na mimi hapo ndipo nilikuwa nimeamua kuoa. Msichana alikuwa Mwikali, fundi wa cherehani pale sokoni, na mambo yetu yote yalikuwa sawa ila kitu kimoja: ntheo. Kwetu Ukambani unaweza kukaa na mwanamke mpaka mzeeke pamoja, lakini kama hujapeleka mbuzi wa ntheo kwao, huyo bado ni msichana wa watu, wewe umeazima tu. Wanatakiwa mbuzi watatu. Mimi nilikuwa na majike wawili (na mmoja wao, tuseme ukweli, alikuwa anasimama kwa kumwegemea mwenzake). Beberu ndiye alikosekana.

Sasa mwenye hoteli mpya akatangaza mashindano ya poka. Si ile ya wazungu ya kuweka pesa, hapana, ni hii yetu: unatupa karata inayolingana na ile iko juu, kwa namba ama kwa picha, ukitupa mbili ama tatu mwenzako anaokota, ukibakisha moja unasema "niko kadi" watu wote wasikie, na wa kwanza kumaliza ndiye mshindi. Kiingilio hakuna. Zawadi ni beberu mweusi, amenenepa kama hakusikia habari ya njaa, amefungwa kwenye nguzo ya mlango anatafuna pakiti ya sigara. Kumwona tu, moyo ukaanza kupiga ngoma. Nikasema huyu ni wangu!

Tulikaa wanne wanne kila meza, mmoja anasonga mbele, watatu wanaenda kunywa chai. Na siku hiyo, jamani, nilicheza! Meza ya kwanza nilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Ya pili nikawaokotesha watu karata mpaka mmoja akakosa mahali pa kuzishikia. Siri yangu ilikuwa kuficha mbili na tatu mpaka mwisho, wakati wenzangu wanazitupa mapema kwa tamaa, halafu mtu akisema tu "niko kadi" namshushia tatu, anaokota, anaanza safari upya. Watu wakaanza kuimba jina langu. "Musyoka! Musyoka!" Nilikuwa nimevimba kichwa hata kofia ingekataa.

Halafu Mwalimu Syombua, aliyekuwa refa (mama mmoja mkali mwenye filimbi shingoni, hata kwa karata alikuja na filimbi), akaita fainali: Musyoka na Mzee Ndambuki.

Mzee Ndambuki ni baba yake Mwikali.

Mimi nilidhani amekuja kunywa chai! Kumbe mzee alifanya kazi ya reli miaka mingi huko Kibwezi, na pale stesheni kazi kubwa ilikuwa kungoja treni na kucheza karata. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima ya wakwe, huwezi kumkodolea macho mzee unayetaka kumwoa binti yake, na hii fainali mnakaa magoti kwa magoti mnaviziana. Tena nimshinde ama nimwachie? Nikimshinda, ni adabu gani hiyo? Nikimwachia, ntheo naipeleka na nini?

Mwikali akanivuta kando. "Musyoka, mshinde. Baba hapendi mtu wa kumwachia."

"Na macho nitaweka wapi?"

Hapo ndipo Kilonzo, rafiki yangu, turniboi, yaani utingo, wa lori la Mombasa, akatoa mfukoni miwani ya jua, nyeusi kama sufuria ya shule. "Vaa hii. Huko Mombasa wachezaji wote wakubwa wanavaa. Yeye hakuoni macho, na wewe nthoni yako imekwisha."

Nikavaa. Ndugu zangu, ningemwambia Kilonzo asante hapana, leo nisingekuwa na hadithi.

Ilikuwa anayeshinda michezo miwili ndiye bingwa. Wa kwanza mzee alinipiga huku anaimba wimbo wa kanisa polepole. Wa pili nikampiga mimi, nilimwokotesha tatu mara mbili, hoteli ikalipuka, mtu akamwaga chai. Nikagundua mzee akiwa na karata nzuri ndipo anaimba. Na wa tatu ulipoanza, mzee alikuwa kimya! Kimya kabisa! Nikajua nimemshika.

Tukaenda, tukaenda, mpaka nikabaki na karata mbili. Nikatupa tisa, nikapiga kelele, "Niko kadi!" Watu wakasimama juu ya mabenchi. Mzee akafikiria, akatupa kumi ya spedi, ule moyo mweusi uliopinduliwa wenye mkia. Nikaangalia karata yangu ya mwisho. Sita ya spedi! Nyeusi! Mungu ni nani!

Niliipiga mezani mpaka vikombe vikaruka. "Nimemaliza! Nimemaliza!" Sikungoja refa. Sikungoja mtu. Niliruka benchi, nikakata kamba, nikamtupa beberu mabegani, na watu waliokaa nyuma, ambao hawakuona chochote, wakanifuata nje na wimbo. Nyuma yangu nilisikia filimbi, lakini nikadhani Mwalimu Syombua naye anashangilia.

Tukaingia sokoni. Mimi mbele, beberu analia, vumbi, vigelegele, watu wanaacha nyanya zao wanakuja kuona. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Ntheo imetimia! Mwikali ni wangu! Waambieni kwao wapike!" Beberu naye, labda kwa furaha, akanikojolea shingoni mpaka kiunoni (shati la kuazima, nimeshasema). Nikapepesuka. Akanipiga kwato usoni, miwani ikaruka, na sisi wawili tukaanguka juu ya gunia la ndengu la mama mmoja. Ndengu zikatawanyika mpaka barabarani.

Nikainua macho. Ni Mama Mwikali. Mkwe wangu! Mtu ambaye nikimwona njiani napaswa kuingia kichakani apite, sasa nimelala miguuni kwake, nanuka, nimekumbatia mbuzi.

"Musyoka," akasema pole pole, akiangalia pembeni kwa heshima, maskini, "umesema nipike nini?"

Kabla sijajibu, filimbi ikalia sikioni. "Rudisha mbuzi!" Mwalimu Syombua alikuwa ameishika karata yangu juu kama kadi ya mpira. Bila miwani niliiona vizuri sana. Sita ya moyo. Nyekundu kama pilipili.

"Hukumaliza," akasema. "Umetupa karata isiyolingana na umekimbia na mali ya watu. Mshindi ni Mzee Ndambuki."

Soko lote lilicheka. Walicheka wakakaa chini. Nilimrudisha yule beberu kwa miguu yangu, katikati ya watu wale wale walioniimbia, na sasa walikuwa wanaimba "Mee! Mee!" kwa sauti ile ile. Mwikali alikuwa mlangoni amejifunika uso na leso, mabega yanatetemeka, nikadhani analia kwa aibu, kumbe anacheka, na hiyo ilinisaidia kidogo.

Mzee Ndambuki akapokea kamba. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akasema mbele ya wote, "Kijana, umecheza vizuri. Lakini huyu ni wangu, nimemshinda mwenyewe. Wako bado namngoja."

Nikaenda kuokota ndengu, moja moja, mpaka jua likashuka, huku Mama Mwikali ananipa ungo kwa mkono bila kunitazama. Beberu nilimpata baadaye, kwa kumchimbia mjomba matuta ya shamba huko Kwa Vonza msimu mzima, na ntheo tukaipeleka, na mzee akaipokea akiimba wimbo wake wa kanisa.

Poka bado nacheza, siwadanganyi. Lakini niliapa sitashangilia kitu tena kabla mwenye kazi hajasema. Hata Mwikali alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, nesi alitoka mbio, "Baba, hongera, ni msichana!" Nikabaki nimekaa. Nikamwambia, "Sista, rudi uangalie tena."