Siri ya mbio za Nadège

Leo comité ya institut yetu, shule ya sekondari, imekuja kuangalia kama mimi ni kocha kweli.

Kama hapana, naacha équipe ya mupira.

Président wa comité akamuuliza Nadège, mushambuliaji wetu mwenye mbio: «Papa Kocha anakufundishaka namna gani?»

Nilikuwa nimeshatengeneza uso wa mutu anayengojea sifa.

Akajibu polepole: «Tuko na ballon moja tu. Papa Kocha akipiga, inakosa goli, inateremuka mulima yote ya Cimpunda. Mimi ndiye naikimbiliaka, kabla watu hawajaichukua. Kila siku.»

Wakacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini?

Wameniacha mu kazi. Tena, kwa kutuhurumia, wametupatia ballons kumi.

Sasa muniambie, bandugu: nani atakimbia tena?