Mama Nafula alizikwa, kwa kompyuta yao presha yake bado iko sawa

Wakuu, natumai mko salama. Hii sijaongeza chumvi, na majina nitataja. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkiona makosa vumilieni.

Mimi na mke wangu mama Nafula tulikuwanga na presha sote wawili. Watu wa utafiti wakaja hapa Kabras, wakatuweka kwa dawa mpya, kila mwezi unaenda kliniki kupimwa. Mkubwa wao Daktari Ambani. Wa kompyuta, Kefa.

Mwanzoni yake ilishuka vizuri, hata akanichokoza, "Baba Nafula, wewe ndio utanitangulia."

Halafu, baada ya kupimwa ikiwa bado nzuri, ikapanda. Miguu ikafura, kutembea hadi barabarani hawezi. Na tulikuwa tumeambiwa tusichanganye na dawa za kwingine.

Siku ya kupimwa nikaenda peke yangu. Nikamwambia Kefa mama ni mgonjwa, njooni mumpime nyumbani.

"Mzee, tunapimia hapa tu. Nitaandika hakuja."

"Basi andika kwa nini hakuja."

"Hiyo haina mahali."

Mwezi uliofuata, akaandika tena hakuja. Kabla ya mwingine, stroke ikambeba.

Baadaye wakatuita kwa holi la kanisa kuona matokeo. Mstari wa presha zetu kwa ukuta unateremka, watu wanapiga makofi. Nikauliza, wale walikosa mmewaweka wapi?

Ambani akasema mtu akikosa, kompyuta inachukua kipimo chake cha mwisho, inakirudia hadi utafiti uishe.

"Hata mama Nafula?"

Kefa akaangalia laptop. "Ndio, mzee. Yake iko sawa."

Nilikaa chini.

Wakuu, hebu fikirieni. Waliofika kupimwa ni wale walikuwa na nguvu ya kutembea. Wale dawa iliwakataa walikuwa wamelala nyumbani, na hao ndio wakahesabiwa wamepata nafuu. Ambani na Kefa, nyinyi mlijua.

Sasa kliniki yetu imeacha dawa za zamani, hizo mpya ndizo ziko. Nilimwambia Ambani kizunguzungu kimenianza. Akanijibu, "Mzee, matokeo ni mazuri."

Funzo ni hili. Mgonjwa wako akishindwa kufika, usikubali aandikwe "hakuja" tu. Kaa hapo mpaka waandike amezidiwa.

Walio Malava na Ekero mnaotumia hizi dawa, semeni hapa chini mko aje. Hata wa kunitusi aseme.

Mimi ya leo nimeshameza.